Mhusika wetu anaonekana wa kukopa: filamu fupi ya upelelezi na vitisho, Kigoma. Naombeni msaada

MwanaKatonga:

Wakuu, habari za jioni. Sisi ni kundi la watu 6, mwaka wa kwanza, kozi ya utangazaji hapa Kigoma mjini. Tumepewa mradi: filamu fupi ya dakika 5, karatasi ya kila mhusika, storibodi, na maelezo ya maneno 1,500 yanayosema tumefuata kaida zipi za utanzu tuliouchagua na zipi tumezigeuza. Wahusika wana alama 30, kaida za utanzu 30, ufundi wa picha na sauti 25, maelezo 15. Zimebaki wiki 4.

Tumechagua upelelezi wenye vitisho. Mhusika mkuu ni mpelelezi wa kiume, koti refu jeusi, miwani ya giza, hacheki, anamsaka muuaji. Muuaji anavaa kinyago. Kuna mwezi mpevu, mbwa analia kwa mbali, kuna binti anapiga kelele, na kuna bibi mmoja mchawi mwenye macho mekundu. Mkufunzi alisoma mswada akaandika pembeni: "bapa", yaani mhusika asiyebadilika, na chini yake "wa wapi huyu?" Akaongeza kwamba vitu vya utanzu vipo vyote, ila utanzu wenyewe haupo. Hapo ndipo tulipokwama. Kama vitu vyote vipo, kimekosekana nini?

Vifaa: simu 2 za Android, tripodi 1, earphone za waya, kompyuta mpakato 1. Taa hatuna. Kibirizi, Ujiji na Mwanga tunafika kwa urahisi. Tunaomba hatua za kufuata, za kutia moyo tunazo.

MwalimuWaPicha:

Mdogo wangu, mkufunzi wenu kaweka kidole palepale. Mwaka 1984 mtaalamu wa filamu Rick Altman aliandika kwamba utanzu wa filamu una pande mbili. Upande wa kwanza ni vitu: koti, bastola, kinyago, usiku, mvua. Upande wa pili ni mpangilio, yaani uhusiano unaovifunga vitu hivyo mpaka vikawa na maana. Ninyi mmebeba vitu, mpangilio hamjaugusa. Koti jeusi bila mpangilio ni nguo tu.

Mpangilio wa upelelezi ni huu: kuna jambo limefichwa, kuna mtu asiyeweza kuendelea na maisha yake mpaka alijue, na kulijua kunamgharimu. Mtazamaji anajua anachojua mpelelezi, hazidi hapo. Mpangilio wa filamu ya kutisha ni mwingine: mahali palipodhaniwa salama panaingiliwa, na mara nyingi mtazamaji anakiona kivuli kabla mhusika hajakiona. Sasa angalia, tanzu hizi mbili zinagombea kitu kimoja: nani anajua kwanza. Ukizichanganya bila kuamua, kila tukio litavuta kwake na taharuki itakufa. Kwa dakika 5 nashauri upelelezi uwe ndio mifupa, vitisho viwe tukio moja tu, karibu na mwisho. Chora jedwali la matukio yenu yote, nguzo mbili: "mhusika anajua nini hapa" na "mtazamaji anajua nini hapa". Nguzo hizo zilingane mpaka kwenye tukio la kutisha. Hapo ya mtazamaji iizidi ya mhusika kwa sekunde kama 20, kisha zilingane tena.

La pili ni koti. Kila kaida ilizaliwa na kazi. Koti la mpelelezi linatoka kwenye filamu za Marekani za miaka ya 1940, zile ambazo mhakiki Mfaransa Nino Frank aliziita "film noir" mwaka 1946, yaani filamu nyeusi. Nyingi ni filamu za mjini, za usiku na mvua, na koti pale linafanya kazi tatu: linaficha mwili, linampa mtu umbo linalotambulika hata akiwa kivuli ukutani, na linaonesha kwamba hana kwao, yuko njiani muda wote. Ulizeni Kigoma ni kitu gani kinafanya kazi hizo tatu. Koti la mvua la mvuvi linafanya. Ni la plastiki, zito, lina kofia, linang'aa likilowa, na mtu akilivaa hutambui sura yake. Mkimvisha binti koti la mvua la kaka yake, likamzidi mikono, mmeshika kaida na mmeigeuza kwa pigo moja. Tena mtazamaji anasoma papo hapo kwamba mwenye koti hayupo.

Hiyo ndiyo kanuni ya kugeuza kaida: kazi ibaki, kitu kibadilike. Wengi hufanya kinyume, wanakiacha kitu na kupoteza kazi yake.

Karabai_Usiku:

Huo mwezi mpevu ufuteni leo leo.

Uvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa taa. Taa inawavuta dagaa juu, wavu unawazingira. Zamani zilikuwa karabai, zile taa za mafuta zinazojazwa upepo, siku hizi taa za betri na za sola zimeenea, lakini kanuni haijabadilika: mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu vyombo vingi hupumzika mwaloni, yaani pale ufukweni vinapoegeshwa. Wanaume wako nyumbani, nyavu zinatengenezwa, watoto wanacheza nje mpaka usiku. Ni usiku wa watu wengi na mwanga mwingi, hauogopeshi mtu.

Usiku wa kuogopesha huku ni wa giza, mwezi usipokuwapo. Wavuvi wako majini, ufukweni wamebaki wanawake, wazee na watoto, na ziwani kuna safu ya taa kama mji uliohamia majini. Mtazamaji wa Kigoma akiona mwezi mpevu na hapohapo boti ziko kazini, atajua kwamba aliyeandika hajawahi kuukanyaga mwalo. Ndiyo maana ya "wa wapi huyu?"

Na kisa chenu mnakipata humohumo. Kila mwenye mtu majini anazitazama zile taa. Chukueni binti anayeanika dagaa, kila usiku anahesabu taa za kundi la kaka yake: 12. Usiku mmoja zikawa 11. Kaka hakurudi. Usiku wa tatu binti anahesabu tena, zimekuwa 12, na kaka bado hajarudi. Nani ameiwasha taa ya kaka? Hapo hakuna kinyago wala mbwa anayelia. Kuna hesabu tu, na hesabu imegoma.

MwanaKatonga:

Aisee! Kuhesabu taa tunakuchukua. Ila naomba kufahamu upande wa mhusika. Karatasi ya mhusika tuliyopewa ina: jina, umri, kazi, sura, tabia. Tumejaza yote na bado bapa. Halafu 6 sisi tutagawanaje nafasi?

BintiMswada:

Karatasi hiyo inajaza kitambulisho. Mtu hayumo. Ongezeni maswali haya matano na mjibu kwa sentensi moja moja, kila jibu liwe kitu kinachoweza kupigwa picha:

Anataka nini kinachoshikika kwa mkono? ("Haki" haishikiki. "Taa ya kaka yake" inashikika.)
Anaficha nini, na kimefichwa wapi?
Anaamini jambo gani ambalo si kweli?
Akiwa kimya, mikono yake inafanya nini?
Anaongeaje na mkubwa wake, na anaongeaje na rika lake?

La tatu ndilo linalomtoa mtu kwenye ubapa. Binti anaamini jirani mzee aliyemkopesha fedha za mazishi ya mama ni mtu mwema. Filamu nzima inamsukuma aache kuamini hivyo. Mwanzoni na mwishoni si yuleyule, na hapo anakuwa duara.

Ila msije mkataka wote wawe duara. Kwa dakika 5 ni mmoja tu anayewezekana, labda na mwingine shinda, yaani wa katikati, anayebadilika kidogo. Waliobaki waacheni bapa, na mwandike kwenye maelezo kwamba mmewaacha bapa kwa makusudi. Muuza chai mwaloni kazi yake ni kusema jambo moja na kutoka. Ubapa ni kosa pale tu unapomkaa mhusika mkuu.

Kuhusu kugawana nafasi, mtafiti Mrusi Vladimir Propp alichambua ngano za Kirusi mwaka 1928 akapata nafasi saba za utendaji: mbaya, mtoaji wa kifaa, msaidizi, binti mfalme pamoja na baba yake, mtumaji, shujaa, na shujaa wa uongo. Wanafunzi wengi wanadhani maana yake ni watu saba. Propp mwenyewe anaonesha kwamba mtu mmoja anaweza kubeba nafasi mbili, na nafasi moja ikabebwa na watu kadhaa. Kwenu hilo ni dhahabu. Jirani mzee anayempa binti tochi (mtoaji) na kujitangaza kwamba ataongoza msako (shujaa wa uongo) awe ndiye mwenye taa ya kaka (mbaya). Nafasi tatu, mwigizaji mmoja. Binti ni shujaa, muuza chai ni msaidizi, mdogo wake wa kiume ni mtumaji, maana ndiye anayesema "dada, leo ziko kumi na mbili". Waigizaji 4, wawili wanabaki kwenye picha na sauti. Kundi la 6 linatosha bila kuomba mtu wa nje.

Sasa swali la tano, nalikazia kwa sababu hapo ndipo filamu nyingi za wanafunzi zinapoanguka. Mpelelezi wa televisheni anaingia, anatupa kitambulisho mezani, anauliza "ulikuwa wapi jana usiku?" Binti wa miaka 19 hawezi kumhoji hivyo mzee wa mtaa. Ataanza na "shikamoo". Atasubiri. Ataulizwa habari za nyumbani, atajibu njema hata kama si njema. Atakaa chini zaidi ya mzee. Swali lake litakuja limefungwa ndani ya jambo lingine: "Mzee, nimekuja kurudisha tochi yako." Tukio lote la mahojiano linaweza kukaa ndani ya salamu, na ushahidi wenu uwe humo. Mzee ambaye kila siku anaitikia "marahaba, mwanangu" leo, akisalimiwa na aliyevaa koti la mvua la kaka, haitikii. Anaruka moja kwa moja: "Umelitoa wapi hilo?" Msiweke muziki hapo. Kila mtu aliyelelewa Kiswahilini atasikia pengo la ile marahaba, na atamshuku kabla binti hajasema neno.

Jaribio la kupima mhusika: pigeni tukio la kwanza kwa simu bila maneno, sekunde 40. Muoneshe mtu asiye wa kundi lenu, mumuulize "huyu anataka nini?" Akijibu kitu kimoja, mmepita. Akisema "ni mtu mwenye huzuni", rudini kwenye swali la kwanza.

Na yule bibi mwenye macho mekundu mtoeni kabisa. Nasema hili kwa uzito wote. Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamefanywa kuwa ushahidi wakati chanzo chake ni moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Kaida hiyo inaumiza watu walio hai. Mkihitaji kuitaja, itumieni kinyume: mtaa unamshuku bibi, filamu inaonesha kuni mbichi na moshi, na mkosaji ni yule mzee msafi anayeheshimiwa. Hapo mmegeuza kaida na mnayo aya nzito ya maelezo.

SautiNaMwanga:

Naweka upande wa ufundi. Mswada mzuri mwingi umefia hapa.

Muda kwanza. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini saa ni ileile ya Dar. Jua linafika utosini karibu saa 7 mchana, na linazama kati ya saa 12:50 na saa 1:25 jioni kutegemea mwezi wa mwaka. Ni kama dakika 40 nyuma ya Dar. Ratiba mkiinakili kutoka video za mafunzo za Dar, mtafika ufukweni mapema mno na kumaliza chaji mkisubiri. Kati ya saa 5 na saa 9 mchana msipige nyuso nje, jua la juu linachimba mashimo meusi machoni.

Usiku wenu pigeni jioni. Jua likishazama mnapata kama dakika 20 za mwanga wa buluu. Punguzeni mwangaza wa picha kwa hatua moja na nusu hadi mbili, na kwenye uhariri vuteni rangi kidogo kuelekea buluu. Itasomeka usiku, na uso utaonekana. Mkipiga saa 3 usiku kwa simu, kihisi kidogo cha simu kitalazimisha unyeti wa mwanga (ISO) upande, na picha itajaa chengachenga ambazo hakuna programu itakayoziondoa bila kuufanya uso kama nta. Dakika 20 zinatosha shoti 4 au 5, basi. Kwa hiyo fanyeni mazoezi tangu saa 12 jioni, tripodi iwe imeshasimama, na mpange jioni tatu.

Ziwa liko magharibi, tumieni hilo. Jioni, kamera ikitazama ziwa, mtu anakuwa kivuli cheusi mbele ya anga: hiyo ndiyo picha ya binti anayehesabu taa. Asubuhi kati ya saa 1:30 na saa 3, kamera ikitazama ziwa, jua liko mgongoni mwa mpiga picha na uso unawaka vizuri: hizo ni picha za kuanika dagaa. Angalizo, dagaa wabichi ni fedha tupu. Wakijaa kwenye fremu simu itatia giza kila kingine, na wakiwa wachache wataungua weupe. Gusa uso wa binti, shikilia mpaka mwangaza na fokasi vifungwe, ndipo upige.

Mipangilio: pigeni 1080p, fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata 1/50. Umeme wetu ni wa Hz 50. Simu nyingi zinakuja na fremu 30, na mbele ya balbu au tyubu za mwanga zinaweza kutoa mistari inayotembea kwenye picha. Programu ya Open Camera ni ya bure na inawapa kufunga vyote, ila lazima uwashe Camera2 API kwenye mipangilio yake (ndiyo inayoiruhusu programu kuishika kamera yenyewe), na simu nyingine za bei ya chini hazina. Ikikosekana, pigeni ndani kwa mwanga wa dirisha mkazime taa. Simu zote 2 ziwe na mpangilio uleule. Mkiacha moja 30 na nyingine 25, mtakapounganisha mwendo utaruka.

Nafasi: dakika 1 ya 1080p inakula takriban MB 130 hadi 150. Mkipiga saa nzima ya picha ghafi andaeni GB 9, na nakala ya pili kwenye kompyuta jioni hiyohiyo, kabla ya kufuta chochote kwenye simu.

Taa 12 za ziwani: msitegemee za kweli. Kwa simu zitakuwa nukta zinazopotea. Tafuteni balbu ndogo 12 za betri, mzipange juu ya mawe na mitumbwi iliyovutwa pwani, umbali wa mita 15 hadi 40, zisiwe kwenye mstari mmoja. Piga wakati wa buluu. Ya 12 iwe na mtu wa kuizima na kuiwasha. Iwekeni pembeni ya kundi, maana ikiwa katikati mtazamaji hataona pengo. Na muwape watu nafasi ya kuhesabu: shoti ya taa ikae sekunde 8 kamili, na sauti ya binti ihesabu kwa mnong'ono. Mkikata kwa sekunde 3 kisa chote kimeanguka.

Msiingie ziwani usiku kwa ajili ya picha. Mtumbwi uwe umefungwa ufukweni, fremu ibane ubavu wa mtumbwi na maji nyuma yake, mtu mmoja autikise taratibu. Kwenye skrini hautofautishi.

Sauti. Upepo wa ziwani unaharibu kila neno. Simu ya pili iwe kinasa sauti: earphone za waya, kimaiki chake kipite ndani ya koti mpaka kifuani, kizungushieni kipande cha sponji, kisiguse plastiki maana koti la mvua linakwaruza vibaya. Simu iwe hali ya ndege. Kabla ya kila shoti piga kofi moja mbele ya kamera, kilele cha kofi ndicho mtakacholinganisha kwenye uhariri. Kila mahali mkimaliza, nyamazeni wote mrekodi sekunde 60 za mahali penyewe. Msipofanya hivyo, kila mkikata maneno kutabaki shimo la ukimya linalosikika kuliko kelele.

Msichukue muziki wa watu mtandaoni. Mna sauti zenu: karabai ikiwaka inavuma mfululizo, maji yanagonga mbao. Mvumo wa karabai ukianza chini kabisa kwenye tukio la mzee na kupanda polepole ndani ya sekunde 30, hamhitaji fidla.

Hesabu ya shoti: dakika 5 ni sekunde 300. Shoti 45 zenye wastani wa sekunde 6 na ushee zinatosha, mkipanga 90 hamtamaliza. Ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja, kwa hiyo kurasa 5. Kwenye mahojiano, chora mstari kati ya binti na mzee na kamera zote zikae upande mmoja wa mstari huo. Mkiuvuka, wataonekana wote wanatazama upande mmoja. Pia pigeni picha ya kawaida ya koti na fundo la kitenge kila mwisho wa shoti. Fundo likihama kutoka kushoto kwenda kulia, mtazamaji analiona.

MtuWaVibali:

Fupi tu. Barua ya chuo yenye majina, tarehe na mahali. Nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwaloni nendeni pia kwa viongozi wa BMU (Beach Management Unit, kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufukwe), wao ndio wanaosimamia mwalo na watawaonesha kona isiyozuia kazi za watu. Stesheni ya reli na bandari msitoe kamera bila ruhusa ya maandishi, hata kama mnapiga ukuta. Droni ina vibali vyake, achaneni nayo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1976 na Bodi ya Filamu ndiyo yenye dhamana ya vibali. Mkitaka kuionesha kazi nje ya darasa, chuo kiwasiliane nao mapema. Na anayeanika dagaa wake akionekana kwenye picha, mwombeni kwanza, mumuoneshe mlichopiga.

ReliTabora:

Nipo Tabora, naongeza moja. Msiogope kwamba kisa cha mwaloni kitawapunguzia "utanzu". Mtaalamu wa filamu Steve Neale aliweka wazi kwamba utanzu unaishi kwa marudio na tofauti kwa pamoja. Huku Tabora mngeweza kufanya hilohilo kwa abiria mmoja anayeshuka njiapanda ya reli za Kigoma na Mwanza usiku, na mzigo usio wake. Chombo kingebadilika, mpangilio ungebaki.

Kwenye maneno 1,500 msiandike "tumetumia mwanga hafifu, tumetumia kinyago". Chagueni kaida 4 tu. Kila moja maneno kama 250: kaida ni ipi na kazi yake ni nini, sisi tumeweka nini, iko sekunde ya ngapi, na mtazamaji wa jaribio alielewaje. Maneno 300 ya mwanzo yaeleze upelelezi ndio mifupa na vitisho ni tukio gani. 200 za mwisho zitaje kaida moja mliyoikataa na kwa nini, hapo mtaingiza habari ya bibi. Tarakimu za sekunde ndizo zinazomfanya mkufunzi aamini.

Ila sikubaliani na BintiMswada kwenye tukio la kwanza kukosa maneno kabisa ndani ya filamu yenyewe. Kwa jaribio sawa. Kwenye filamu, sauti ya kuhesabu ndiyo inayomfundisha mtazamaji sheria ya mchezo. Isipokuwapo mwanzoni, pengo la 11 halitasikika.

BintiMswada:

Nakubali, kaka. Jaribio libaki kimya, filamu iwe na hesabu. Na ahesabu mara tatu kwa jumla: 12, 11, 12. Ya tatu asiimalize kwa sauti, aishie "kumi na..." na uso umalizie.

MwanaKatonga:

Asanteni sana, wakubwa zangu. Tumekaa na kundi tumepanga hivi: sekunde 0 hadi 45 kuanika dagaa na hesabu ya kwanza. 45 hadi 80 taa 11 na koti limening'inia. 80 hadi 190 muuza chai, bibi anayeshukiwa, kurudisha tochi kwa mzee na marahaba isiyoitikiwa. 190 hadi 260 hesabu ya tatu, halafu binti anaufuata ule mwanga pwani, na hapo ndipo mtazamaji anamwona mzee kabla yake. 260 hadi 300 mwisho. Tumepata karabai nzima ya kuazima, hiyo ndiyo itakuwa taa ya kaka.

Swali la mwisho: tufunge vipi? Wenzangu wanataka mzee akamatwe na polisi. Mimi naona itakuwa ndefu.

MwalimuWaPicha:

Polisi ni waigizaji wapya, sare za kutafuta na sekunde 40 ambazo hamna. Swali la filamu lilikuwa "nani ameiwasha taa ya kaka". Binti akiishika taa, swali limejibiwa.

Malizeni na karabai. Mzee yuko nyuma, hana fokasi, hasemi. Binti amepiga magoti mbele ya taa, mikono ya koti imemzidi, anaikunja mkunjo mmoja ili vidole vitoke. Anafungua ile skrubu ya kutoa upepo. Karabai haizimiki ghafla kama balbu: mvumo unashuka kwanza, mwanga unageuka kutoka mweupe kuwa wa chungwa, unanywea, unakufa ndani ya sekunde chache. Kamera isikatwe. Mwangaza wa simu uwe umefungwa tangu mwanzo, la sivyo simu itajaribu kuling'arisha giza na kuharibu kila kitu. Mwenye karabai awepo kuisimamia, ndoo ya mchanga iwe karibu, mtoto asiiguse. Kitambaa kile cha ndani kinachowaka kikishaungua kinavunjika kwa mguso, kwa hiyo muwe na 3 vya akiba.

Sauti ya mvumo ikiisha, acheni maji peke yake sekunde 6. Kisha mdogo wake, kwa mbali, aanze kuhesabu upya: moja, mbili, tatu.

MwanaKatonga:

Tunaanza Jumamosi saa 12 jioni, mwezi utakuwa haupo. Nitaweka hapa picha za storibodi kabla ya hapo mzikague.